Kreatinini ya mzee mwaka jana 1.2, mwaka huu 148!! Naombeni mnisaidie kuelewa haya majibu

Mtoto wa Tabata

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana hapa nilipo akili haifanyi kazi kabisa. Mzee wangu ana miaka 63, ana presha ya siku nyingi na sukari nayo ni ya miaka kadhaa sasa. Juzi nimempeleka kliniki moja hapa mjini vipimo vya kawaida tu, wakamtoa damu wakasema wanaangalia figo, majibu yametoka jioni tukapewa karatasi mapokezi tukaambiwa daktari ameshaondoka mrudi Jumatatu. Sasa karatasi yenyewe ina herufi H (yani iko juu ya kiwango) sehemu tatu na mpaka Jumatatu ni mbali jamani.

Nayaandika kama yalivyo, kwenye mabano ndo kiwango chao cha kawaida:

Kreatinini 148 umol/L (60 - 110) H
Yuria 13.4 mmol/L (2.5 - 7.8) H
Potasiamu 5.6 mmol/L (3.5 - 5.1) H
Sodiamu 137 mmol/L (135 - 145)
eGFR 46

Kilichonimaliza nguvu ni kwamba nimepekua makaratasi yake nikakuta ya mwaka jana ya hospitali nyingine, kreatinini imeandikwa 1.2 na haina H yoyote. Kutoka 1.2 mpaka 148!! Bimkubwa tangu ameona ameanza kuulizia nani kwenye ukoo ana damu inayofanana na ya mzee atoe figo. Na hiyo eGFR 46 shemeji yangu kasema maana yake figo zimebaki asilimia 46.

Mzee mwenyewe ukimwona huwezi kujua, anakula, anakojoa kawaida, miguu haijavimba. Ila wiki iliyopita aliharisha na kutapika siku kama mbili tatu hivi alipotoka msibani. Dawa zake ni metifomini, amlodipini, na kile kidonge cha presha chenye losartani na haidroklorothiazaidi pamoja. Alafu kuna diklofenaki anajinunulia duka la dawa kwa ajili ya magoti, hiyo nimeijua jana baada ya kumbana.

Maswali yangu: je ni kweli figo zimeharibika kwa mwaka mmoja tu? Hiyo potasiamu ni hatari? Na kuna kitu cha kumpa hapa nyumbani wakati tunasubiri? Natanguliza shukrani.

mama nasra

Pole sana mwanangu, mzazi akiumwa nyumba nzima inaumwa. Usimkatie tamaa baba yako. Huku kwetu Tanga mtu akiambiwa figo tunampa dafu moja asubuhi na jioni, linasafisha njia yote ya mkojo, na nywele za mahindi unachemsha anakunywa yale maji. Mume wangu alikuwa na vijiwe alitumia hivyo. Mungu amponye.

Maabara Zamu ya Usiku

Mkuu kwanza vuta pumzi. Mimi nafanya kazi maabara, hizi namba ndo kazi yangu, ngoja nikutoe hofu kwenye lile la 1.2 na 148 kabla sijaenda kwenye lingine.

Hizo namba mbili hazijapimwa kwa kipimo kimoja. Angalia vizuri karatasi ya mwaka jana pembeni ya 1.2, lazima kuna mahali wameandika mg/dL. Ya mwaka huu ni umol/L. Ni sawa na mmoja akwambie mchele kwa kilo mwingine akwambie kwa gramu, mchele ni uleule. Ukitaka kutoka mg/dL kwenda umol/L unazidisha kwa 88.4. Kwahiyo 1.2 ya mwaka jana ni kama 106, na 148 ya mwaka huu ni kama 1.67. Yani mzee ametoka 106 kwenda 148. Imepanda na inahitaji kufuatiliwa, lakini haijapanda mara mia kama ulivyodhani, na mtu wa kuulizia figo ya kupandikiza kwa kreatinini ya 148 hayupo, mwambie bimkubwa apumzike.

Hili tatizo nalikuta sana, maana mashine za hospitali zetu zimetoka sehemu tofauti na kila moja imesetiwa kivyake, mgonjwa anahama hospitali anabeba namba kichwani bila kipimo chake. Wekeni mazoea ya kupiga picha karatasi nzima, sio kuandika namba tu kwenye daftari.

La pili potasiamu. Hii 5.6 mimi kabla ya kuiamini ningeuliza damu ilitolewaje. Potasiamu nyingi ya mwilini iko ndani ya chembe, sio kwenye majimaji ya damu. Sasa chembe nyekundu zikipasuka kwenye kichupa, labda sindano ilikuwa nyembamba ikavutwa kwa nguvu, au kichupa kilitikiswa sana, ile ya ndani inamwagika nje na mashine inasoma juu wakati mwilini mwa mgonjwa haiko juu. Vilevile mkono ukifungwa muda mrefu na mgonjwa akaambiwa kunja ngumi achia kunja achia, inapanda. Na damu ikikaa masaa mengi bila kutenganishwa, hasa wale wanaokusanya sampuli asubuhi wanazipeleka maabara kubwa mchana, nayo inapanda. Sampuli ambayo chembe zimepasuka majimaji yake yanakuwa mekundu au pinki badala ya njano, na maabara makini huandika chini ya majibu kwamba chembe zimepasuka. Angalia kama kuna maelezo yoyote chini ya karatasi yako.

Lakini pia inaweza kuwa ya kweli, maana losartani inapandisha potasiamu na figo zikipunguza kasi nayo inapanda. Kwahiyo usiipuuze, irudiwe. Na mama nasra samahani sana mama yangu, najua umesema kwa upendo, ila dafu lina potasiamu nyingi mno. Mtu ambaye potasiamu yake imesoma 5.6 usimpe dafu asubuhi na jioni, hapo unaongeza kilekile ambacho figo zinashindwa kutoa. Kijiwe ni ugonjwa mwingine na huu ni mwingine.

mama nasra

Hakuna kosa mwanangu nimeelewa, hilo la potasiamu sikuwa nalijua. Dafu asipewe.

Mtoto wa Tabata

Aisee mkuu wa maabara Mungu akubariki. Nimeangalia kweli ya mwaka jana pembeni kuna mg/dL kwa maandishi madogo sana. Nimemsomea bimkubwa ameacha kulia. Chini ya karatasi ya mwaka huu hakuna maelezo yoyote, ila mzee anasema walimchoma mara mbili mshipa haupatikani na mkono ulifungwa muda mrefu. Vipi kuhusu hiyo eGFR na yuria?

Tabibu Kliniki ya Jumanne

Mkuu pole kwa mzee. Mimi ni daktari, sio bingwa wa figo, ila kliniki yangu ni ya presha na sukari kwahiyo karatasi za namna hii napokea kila wiki. Sijamwona mzee wako kwahiyo haya yakusaidie kumuuliza daktari wake maswali ya maana.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Misuli inaitengeneza kila siku kwa kiasi ambacho hakibadiliki sana, figo zinaitoa kwenye mkojo. Figo zikipunguza kasi inabaki kwenye damu na namba inapanda. Maana yake namba hiyo inabeba mambo mawili kwa pamoja, figo zinavyotoa na misuli inavyotengeneza, na hapa ndo watu wengi wanapotezwa na hiyo H. Chukua kreatinini 98. Kijana wa kiume wa miaka 25 akiwa na 98, eGFR yake inakuja kama 95, hana shida. Bibi wa miaka 70 akiwa na hiyohiyo 98 eGFR yake inakuja 53 au 54, na kuna maabara zinatumia kiwango kimoja cha kawaida kwa wanaume na wanawake, hapo hata H hawekewi, anarudi nyumbani anaambiwa mama uko sawa. Ndo maana mimi macho yangu yanaenda kwenye eGFR kwanza.

eGFR ni makadirio ya mililita ngapi za damu figo zinachuja kwa dakika moja, imekokotolewa kutoka kwenye kreatinini, umri na jinsia. Kwahiyo sio asilimia kama alivyosema shemeji yako. Figo za kijana mzima ziko kwenye 90 na kwenda juu, na kadri umri unavyoenda inashuka taratibu hata kwa mtu asiyeumwa. Madaktari wanagawa hivi: 60 mpaka 89 imepungua kidogo na peke yake hatuiiti ugonjwa kama mkojo hauna protini na hakuna dalili nyingine ya figo kuumia, 45 mpaka 59 hatua ya tatu A, 30 mpaka 44 ya tatu B, 15 mpaka 29 ya nne, chini ya 15 ya tano na hapo ndo mazungumzo ya kusafisha damu kwa mashine yanaanza kuwa ya karibu. Mzee mwaka jana kwa ile 1.2 alikuwa kama 68. Sasa 46.

Lakini sikiliza hapa, hili ndo la muhimu kuliko yote niliyoandika. Huwezi kumwambia mtu ana ugonjwa sugu wa figo kwa kipimo kimoja. Inatakiwa iwe imeshuka, au mkojo uwe na protini, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Na eGFR inakokotolewa ikiamini kwamba kreatinini imetulia, sasa mtu aliyekuwa anaharisha na kutapika wiki iliyopita kreatinini yake haijatulia, hiyo 46 inaweza kuwa picha ya wiki moja mbaya.

Na ukiangalia yuria inanipeleka hukohuko. Yuria inatokana na protini, na mwili ukipungukiwa maji figo zinairudisha kwenye damu pamoja na maji, ndo maana inapanda kwa kasi kuliko kreatinini. Ya mzee imekaribia mara mbili ya mwisho wa kiwango wakati kreatinini imezidi kama theluthi. Hiyo inafanana na mtu aliyekauka. Ila muulize pia kama choo chake kimekuwa cheusi ti siku hizi, maana diklofenaki inachubua tumbo, na damu ikivujia tumboni inameng'enywa kama protini na yuria inapanda vilevile. Kama choo ni cheusi usisubiri Jumatatu.

Sasa dawa. Hapa naomba umkalishe mzee chini. Kidonge chake kina losartani na dawa ya kukojoza, juu yake akaweka diklofenaki, juu yake tena akaharisha. Hivyo vitatu vikikutana figo zinapigwa pande zote: ya kukojoza inapunguza maji, losartani inalegeza mshipa unaotoka kwenye chujio, diklofenaki inabana ule unaoingia, presha ndani ya chujio inaanguka. Nimeona watu wanafika na kreatinini ya mamia kwa mchanganyiko huu huu, wazee wa magoti wote, na duka la dawa hakuna aliyewauliza unatumia dawa gani nyingine. Diklofenaki aache leo. Ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu, zote ni familia hiyohiyo. Kwa magoti atumie panado kwa kipimo chake.

Losartani ASIACHE mwenyewe kwa sababu umesoma hapa. Kuna wakati daktari anaisimamisha siku chache mtu akiwa anaharisha au anatapika, alafu inarudishwa akianza kula na kunywa vizuri. Huo uamuzi ni wa anayemuona, hasa na hiyo potasiamu. Metifomini kwa 46 bado inaruhusiwa, ikishuka chini ya 45 tunafikiria kupunguza dozi, chini ya 30 tunaisimamisha.

Nyumbani anywe maji ya kawaida kufuata kiu, asilazimishwe malita. Ndizi, parachichi, maharage na madafu apunguze mpaka potasiamu irudiwe. Na mkiona mkojo umepungua sana, uso kuvimba, kuhema kwa shida, mwili kuishiwa nguvu ghafla au moyo kwenda ovyo, hospitali saa hiyohiyo. Potasiamu ikifika 6.5 ni dharura, inasimamisha moyo bila kupiga hodi. Kama kuna hospitali inapima wikiendi mimi mzee wangu ningempeleka kesho hiyo potasiamu irudiwe.

Mswahili Muscat

Samahani mleta mada naomba kuchomekea. Mimi niko huku Oman, nina majibu yangu ya miaka ya nyuma na eGFR imeandikwa mistari miwili, mmoja 61 na mwingine chini yake 74 umeandikwa kwa watu weusi. Sikuwahi kuelewa nifuate upi, nilikuwa nachukua ule mkubwa najipa moyo.

Tabibu Kliniki ya Jumanne

Fuata ule bila neno weusi. Hizo fomula za zamani zilitengenezwa Marekani na ziliwazidishia watu weusi, moja ilizidisha kwa 1.212 na nyingine kwa 1.159, kwa hoja kwamba wana misuli zaidi. Mwaka 2021 Marekani wenyewe waliiondoa, fomula mpya haiulizi rangi. Na sisi huku haikutufaa tangu mwanzo, kuna utafiti uliochapishwa 2022 ulifanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, wakapima uchujaji wenyewe kwa dawa maalumu wakalinganisha na fomula, wakakuta fomula zinaonyesha figo za Waafrika ni nzima kuliko zilivyo, na ukizidisha kwa rangi ndo unazidi kupotea. Mtu anaambiwa 74 wakati anatakiwa kufuatiliwa. Ile ya zamani usiifanyie uamuzi, pima upya na omba na mkojo.

Chuma Kinondoni

Mimi miaka 29, sina presha sina sukari, napiga gym. Kampuni ilitupima kreatinini ikaja 124 nikaambiwa nina dalili za figo, nimeacha hata kulala vizuri. Natumia kriatini ya unga na nyama nakula sana.

Maabara Zamu ya Usiku

Kriatini ya unga mwilini inageuka kuwa kreatinini hiyohiyo tunayopima, na nyama ya kupikwa nayo inaingiza yake. Acha unga wiki kadhaa, jana yake usile nyama nyingi wala usipige chuma, rudia. Mwambie daktari akuandikie na protini ya mkojo. Ikibaki juu kuna kipimo kinaitwa sistatini C ambacho hakitegemei misuli, hapa Dar kinapatikana maabara chache na bei yake imechangamka kidogo, lakini kwa mtu mwenye mwili kama wako ndo kinamaliza ubishi.

Binti wa Kirumba

Nimesoma uzi wote nimeshindwa kupita kimya. Mleta mada, wewe umeona H tatu umepata hofu ukauliza. Mama yangu mimi hakuwahi kuona H hata moja. Mama mwembamba, kilo arobaini na kitu, ana sukari, kila akienda anapimwa kreatinini, majibu kawaida, anapewa dawa anarudi. Hakuna aliyemkokotolea hiyo eGFR wala aliyemwambia alete mkojo. Mkojo ulikuwa unatoa povu kwenye choo mpaka ukimwaga maji povu linabaki, sisi tunasema sabuni. Tumekuja kujua miguu imeshavimba.

Sasa hivi anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila safari masaa manne kwenye kitanda, akitoka hapo anatetemeka baridi namfunika vitenge viwili kwenye bajaji. Maji tunampimia kwa kikombe, ile kiu yake ndo inaniumiza kuliko vyote. Kwahiyo mimi ninachoomba kwa kila mwenye mzazi wa sukari au presha, mkojo. Muulize daktari mzee amepimwa protini kwenye mkojo lini. Kama hajawahi, apimwe wiki hii.

Tabibu Kliniki ya Jumanne

Dada yangu pole sana, na asante kwa kuandika. Ulichosema ni kweli tupu na kinaniuma kwa sababu kinafanyika kliniki nyingi.

Niongezee tu kwa wengine. Kwenye sukari na presha protini inaanza kuvuja kwenye mkojo mara nyingi kabla kreatinini haijapanda, maana kreatinini haitoki kwenye kiwango mpaka figo zipoteze sehemu kubwa ya uwezo. Kijiti cha mkojo cha kawaida kinasaidia ila kinaweza kukosa protini kidogo. Kipimo kizuri ni cha uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini kwenye mkojo, wanaandika ACR. Chini ya 3 mg/mmol ni sawa, 3 mpaka 30 imeanza kuvuja, zaidi ya 30 inavuja sana. Karatasi yako ikiwa na mg/g basi mipaka ni 30 na 300. Mkojo wa asubuhi ndo mzuri, ule wa katikati, usiwe na homa wala UTI siku hiyo maana vinaipandisha. Mwenye sukari apimwe vyote viwili, damu na mkojo, walau mara moja kwa mwaka.

Mtoto wa Tabata

Wakuu nimerudi na mrejesho. Mzee nilimpeleka hospitali nyingine kesho yake ileile, potasiamu ikarudiwa ikaja 4.7. Aliyemtoa damu nilimwomba asimfunge mkono muda mrefu, alinishangaa kidogo ila akafanya. Choo sio cheusi nilimuuliza. Diklofenaki nimezikuta mpaka kwenye mfuko wa koti la suti, zote nimechukua. Losartani daktari wa pale aliisimamisha siku chache kisha akairudisha.

Sasa majibu ya wiki hii baada ya kutulia:

Kreatinini 121 umol/L (60 - 110) H
Yuria 7.1 mmol/L
Potasiamu 4.6 mmol/L
eGFR 58
ACR ya mkojo 9 mg/mmol

Kwahiyo imeshuka kutoka 148 na sisi nyumbani tumefurahi sana, ila hiyo 9 nimekumbuka maneno ya dada wa Kirumba roho ikashtuka tena. Na binamu yangu anasema losartani ndo inaharibu figo, mzee aikatae kabisa. Mnasemaje?

Tabibu Kliniki ya Jumanne

Hizo ni habari nzuri mkuu, nimefurahi kwa dhati. Kutoka 46 kwenda 58 maana yake sehemu kubwa ilikuwa ni kule kukauka na diklofenaki. Haijarudi 68 ya mwaka jana na inaweza isirudi, hilo mzee aambiwe wazi.

Hiyo 9 ni kweli imeanza kuvuja, ila mzee ametoka kuumwa juzi tu, kwahiyo ACR irudiwe pamoja na kreatinini baada ya miezi 3. Ikibaki hivyo ndo tutasema ana ugonjwa sugu wa figo hatua ya tatu A, na hapo bado kuna mengi ya kufanya kuizuia isiende mbele.

Binamu yako umwambie kwa upole kwamba amegeuza kitu. Losartani na ndugu zake kama enalapirili ndo zinazopunguza hiyo protini inayovuja na zinalinda figo za mtu wa sukari. Zikianzishwa kreatinini inaweza kupanda kidogo mwanzoni, mpaka asilimia 30 tunavumilia, kwa sababu presha ndani ya chujio imeshushwa makusudi. Ndo maana tunarudia kreatinini na potasiamu wiki moja mpaka nne baada ya kuanza au kuongeza dozi. Kilichomuumiza mzee ni mkusanyiko wa ile wiki, losartani peke yake isingefanya vile. Muulize daktari pia kuhusu dapagliflozini au empagliflozini, ni dawa za sukari zinazolinda figo, bei bado ni mkasi kwa wengi lakini uulize, na uulize bima ya mzee inasemaje.

Presha yake ikoje siku hizi?

Mtoto wa Tabata

Jana 152 kwa 88, leo asubuhi 146 kwa 84. Tumenunua mashine ya mkononi anapimwa na mdogo wangu.

Tabibu Kliniki ya Jumanne

Bado iko juu. Kwa mtu mwenye sukari na protini kwenye mkojo tunataka walau chini ya 130 kwa 80, na hiyo ndo itakayoamua figo zake kuliko chakula chochote. Andikeni kila siku asubuhi na jioni kwenye daftari mwende nalo kliniki, daktari aongeze dozi kwa kuona namba. Apime akiwa amekaa, ametulia dakika 5, mkono uko mezani, asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa. Chumvi ya mezani iondoke, na zile mchuzi za paketi.

Binti wa Kirumba

Nimefurahi kwa ajili ya mzee. Naomba nikwambie kitu kimoja cha vitendo, tengeneza faili la plastiki, weka karatasi zote kwa tarehe, juu yake uandike kreatinini, kipimo chake, eGFR na ACR. Na andika kwa kalamu nyekundu HATUMII DIKLOFENAKI, maana siku ataanguka atapelekwa na jirani na watamchoma sindano ya maumivu bila kuuliza.

Mtoto wa Tabata

Dada nimefanya sasa hivi, faili liko kwenye kabati la sebuleni na mdogo wangu anajua lilipo. Maandishi mekundu nimeyaweka juu. Miezi mitatu inaangukia mwezi wa kumi na moja, nitarudi hapahapa na majibu.